Majira ya Mwaka na Haki ya Mgonjwa wa Akili

Senene wanaposhuka mwezi wa Novemba, Bukoba na Muleba hushangilia. Mapipa hupangwa, mabati husimamishwa, taa kali huwashwa, na watu hukesha hadi alfajiri. Hata hivyo zipo nyumba ambazo shangwe hiyo huzitia hofu. Ni nyumba zenye mgonjwa ambaye, kila unapokaribia mwisho wa mwaka, huanza kukosa usingizi, kusema bila kikomo, kugawa mali na kugombana na kila mtu, hata ndugu zake wakafikia hatua ya kumfunga kamba. Majirani husema, "Ugonjwa wake umerudi." Lakini ni wachache wanaouliza kwa nini umerudi wakati huu na si wakati mwingine.

Swali hilo ndilo tunalotaka kulitafakari. Huenda msomaji akashangaa kuona kijitabu cha Haki na Amani kinashughulika na mvua, jua na maradhi ya akili, akidhani kwamba mambo hayo ni ya hospitali peke yake. Sisi twaona vingine. Madhara yanayojulikana kwamba huja kwa majira yaweza kutazamiwa. Na madhara yanayoweza kutazamiwa yakiachwa yampate mnyonge mwaka hata mwaka, hayo si bahati mbaya tena. Ni dhuluma.

UGONJWA WENYEWE

Ugonjwa tunaouzungumzia madaktari huuita baipola, yaani ugonjwa wa hisia zenye ncha mbili. Kwa kipindi fulani mgonjwa huchangamka kupita kiasi: halali wala hachoki, mawazo humkimbia, hujiona tajiri au mteule, hutumia fedha asizo nazo, na akionywa hukasirika. Hali hiyo huitwa mania. Kwa kipindi kingine huangukia katika sonona: hana nguvu ya kuamka, chakula hakina ladha, sala imekauka, na mawazo ya kufa humjia mchana kweupe. Kati ya vipindi hivyo aweza kuwa mzima kabisa, akalima, akafundisha shule, akaimba kwaya na kulea watoto wake.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 ulimwenguni walikuwa na ugonjwa huu. Basi si ugonjwa wa Wazungu, wala wa wasomi, wala wa ukoo uliolaaniwa. Chanzo chake kwa sehemu kubwa kimo katika maumbile ambayo mtu huyarithi. Lakini kuamka kwake mara nyingi huchochewa na mambo ya nje, na la kwanza miongoni mwa hayo ni kuvurugika kwa usingizi.

MWANGA, GIZA NA USINGIZI

Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani, pamoja na wenzake walieleza habari za wagonjwa 29 ambao kila majira ya baridi walishikwa na sonona, na jua liliporudi wakainuka. Wengi wao walikuwa na baipola. Tangu hapo wataalamu wengi wamethibitisha kwamba katika nchi za mbali na Ikweta, baadhi ya wagonjwa huzama katika sonona wakati wa baridi, na mania hupamba moto zaidi mwanga wa jua unapoongezeka.

Sababu yake si fumbo. Ndani ya ubongo wa kila mwanadamu mna kitu mfano wa saa, kinachopanga lini tulale, lini tuamke, lini tupate njaa. Saa hiyo hurekebishwa kila siku na mwanga uingiao machoni. Mtu mwenye afya saa yake ikipotoka hujirekebisha baada ya siku chache. Kwa mgonjwa wa baipola saa hiyo ni nyepesi kuyumba, na ikiyumba huweza kuyumba pamoja na akili yake. Hata usiku mmoja au miwili ya kukesha yaweza kumfungulia mlango wa mania.

Hapa wapo wanaosema, "Hayo ni ya kwao huko Ulaya." Na kwa upande mmoja wana hoja. Mjini London siku ndefu ya mwezi wa Juni hupata mwanga kwa zaidi ya saa 16, na siku fupi ya Desemba haifiki saa 8. Bukoba ipo karibu sana na Ikweta. Tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ni kama dakika 10 tu. Jua letu halitutupi. Lakini hitimisho kwamba majira hayamgusi mgonjwa wa kwetu ni hitimisho la haraka mno. Saa ya ubongo hairekebishwi na urefu wa siku peke yake. Hurekebishwa pia na saa za kulala, za kula na za kufanya kazi, na hizo kwetu hubadilika kwa majira kama zinavyobadilika kwa wengine. Tofauti ni kwamba majira yetu yameandikwa katika kazi, mvua na sikukuu.

KALENDA YA KAGERA

Tuyapitie basi majira yetu, tukitazama kwa jicho la mgonjwa.

Kwanza yapo majira ya kukesha. Tumekwisha kuwataja senene. Baada yao huja Noeli, ambapo ndugu walio Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko hurudi nyumbani kwa wingi. Harusi hufuatana, rubisi na gongo humiminwa, muziki haunyamazi, na kijana aliyekaa vema tangu Machi hukaa macho siku tatu mfululizo. Visiwani nako, kama Bumbire, Goziba na Ikuza, wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku kwa taa katika siku za giza, na mbalamwezi inapokuwa kubwa hupumzika. Maisha yao hugeuzwa juu chini kila mwezi. Kwa mwenye afya huo ni uchovu tu. Kwa mwenye baipola ni hatari.

Pili ni kiangazi cha Juni hadi Agosti. Ni wakati wa kahawa, wakati wa jua na vumbi, wakati wa kutembea mbali kutafuta maji. Wapo wagonjwa wanaotumia dawa ya litiamu, ambayo faida yake katika kutuliza mania ilielezwa na daktari John Cade wa Australia mwaka 1949. Dawa hiyo ni njema, lakini mgonjwa akitoka jasho sana bila kunywa maji ya kutosha, au akiharisha, hulundikana mwilini na kugeuka sumu. Mikono hutetemeka, hutapika, huyumba kama mlevi. Na kwa kuwa anajulikana kuwa "kichaa", hakuna anayemkimbiza hospitali. Wengine hutumia klopromazini, ambayo hufanya ngozi iungue upesi juani na kuuzuia mwili usijipoze vizuri. Mgonjwa huyo akilimishwa mchana kutwa akaungua na kuishiwa nguvu, huitwa mvivu.

Tatu ni masika ya Machi hadi Mei. Mji wa Bukoba hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mvua hizo huanguka katika miezi hii. Mawingu hutanda siku nyingi, watu hujifungia ndani, na mwenye mwelekeo wa sonona hupoteza mwanga wa asubuhi, matembezi na mazungumzo, vitu vitatu vilivyokuwa vikimtegemeza. Barabara za vijijini huharibika na ziwa huchafuka. Hapo ndipo dawa huisha, na anayekatiza dawa ghafla ndiye anayerudiwa na ugonjwa kwa ukali zaidi.

Juu ya hayo yapo maafa yasiyo na msimu. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulithibitishwa mkoani kwetu, ukaharibu vibanja vilivyokuwa chakula na heshima ya familia. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliua watu wasiopungua 17 na kubomoa maelfu ya nyumba. Mwezi wa Mei 2020 maji ya Ziwa Viktoria yalipanda hadi kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka 1964, yakawafukuza watu katika makazi ya mwaloni. Mtu aliyelala nje chini ya turubai kwa majuma kadhaa hapotezi nyumba tu. Hupoteza usingizi, hupoteza kadi yake ya kliniki, hupoteza ndugu aliyekuwa akimkumbusha dawa. Hesabu za maafa hutaja marehemu na nyumba. Walioanguka kiakili baadaye hawahesabiwi.

MWEZI, UCHAWI NA KICHEKO CHA KASHASHA

Tunajua wazee wengi husema kwamba ugonjwa wa akili hufuata mwezi. Tusiwacheke. Mwaka 2018 mtafiti Thomas Wehr wa Marekani alieleza habari za wagonjwa 17 wa baipola ambao kupanda na kushuka kwa hisia zao kulifuatana na mizunguko ya mwezi. Na huko visiwani hatuhitaji hata mtafiti, kwa kuwa mwezi ndio unaoamua nani alale na nani aende ziwani. Kosa la wengi wetu si kuona kwamba ugonjwa una majira yake. Kosa ni kuruka kutoka hapo hadi kwa mchawi: "Kwa kuwa unarudi kila mwaka, yupo anayeutuma." Kahawa nayo huiva kila mwaka, wala hakuna anayemtafuta aliyeituma.

Historia ya Muleba yenyewe inatufundisha. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, kilianza kicheko kisichozuilika, kikachanganyika na kilio. Wanafunzi 95 kati ya 159 walipatwa, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Baadaye hali hiyo iliwafikia watu 217 huko Nshamba. Madaktari Rankin na Philip, waliochunguza na kuandika habari hizo mwaka 1963, hawakuona sumu wala kijidudu. Tukio hilo si baipola, na tusivichanganye vitu viwili. Lakini linathibitisha jambo moja: akili ya mwanadamu haikai peke yake kama jiwe. Huguswa na mahali, na wakati, na mashaka ya wanaomzunguka. Kuligundua hilo hakukuhitaji kumnyoshea kidole bibi kizee yeyote.

HAKI ZINAZOVUNJWA

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Majira yanapomwangusha mgonjwa, wapo wanaovuna.

Katika mkoa wetu watu wote wanaijua butura, yaani kuuza kahawa ikingali mtini kwa bei ya kutupa. Ni dhuluma hata kwa mwenye akili timamu aliyebanwa na ada ya shule. Je, tusemeje juu ya mnunuzi anayemwendea mtu aliye katika mania, ambaye kwa siku hizo angetoa hata shati lake? Wapo wanaouza kahawa ya msimu mzima, na hata kipande cha kibanja, kwa fedha ya kunywea siku mbili. Ugonjwa ukitulia, mama na watoto hujikuta hawana ardhi, na mgonjwa huangukia katika sonona iliyo nzito zaidi kwa kuwa sasa ana sababu ya kulia.

Yafaa wote wajue kwamba Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka anayefanya mkataba awe na akili timamu wakati anapoufanya. Mtu aliye mgonjwa kwa vipindi aweza kufanya mkataba akiwa mzima, lakini hawezi wakati ugonjwa umemshika. Hivyo sheria inamheshimu mgonjwa na kumlinda pia. Haisemi kwamba mwenye baipola si mtu wa kumiliki mali. Inasema kwamba udhaifu wake usigeuzwe mtego. Mashahidi wanaotia sahihi hati ya mauzo huku wakijua hali ya muuzaji, na kiongozi wa kijiji anayegonga muhuri, wanashiriki dhuluma hiyo. Nayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaweka utaratibu wa kumpokea na kumtibu mgonjwa, na wa kusimamia mali yake kwa njia ya mahakama. Upo mlango, basi, wala familia haina haja ya kunyang'anyana.

Kisha zipo kamba na minyororo. Twaelewa hofu ya familia inayomwona kijana wao akikimbilia barabarani usiku. Lakini Injili inatuonyesha mtu wa makaburini aliyefungwa pingu na watu wa nchi yake, wala pingu hizo hazikumponya. Kristo alimrudishia akili yake, kisha akamwagiza arudi nyumbani kwa watu wake. Uponyaji haukukamilika mpaka amepokelewa nyumbani. Mgonjwa aliyefungwa mgombani majuma mawili katika mvua ya Aprili hajatibiwa. Ameadhibiwa kwa kosa asilolitenda.

Wala sisi watu wa Kanisa tusijitoe katika lawama. Mikesha ya sala ni mali yetu ya thamani, lakini mkesha wa usiku kucha si dawa ya mtu ambaye ugonjwa wake hulishwa na kukosa usingizi. Kanisa halimlazimishi mgonjwa kufunga, wala halimhesabii dhambi asipokesha. Anayemwambia mgonjwa atupe vidonge ili aonyeshe imani amemtwika mzigo ambao Mungu hakumtwika. Nabii Eliya alipolala chini ya mti jangwani akiomba afe, malaika hakumkemea kwa uhaba wa imani. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Ndipo safari ikaendelea. Kuhusu wale ambao sonona imewafikisha hadi kujiua, Katekisimu ya mwaka 1992 yafundisha kwamba machafuko makubwa ya nafsi yaweza kupunguza wajibu wa mtu kwa tendo lake, na kwamba Kanisa huwaombea. Familia zao zisitengwe msibani.

TUFANYE NINI?

Hatuna budi kuanza na jambo dogo: kila familia yenye mgonjwa iwe na kalenda yake. Daftari la shule latosha. Iandikwe lini alilala vibaya, lini alichangamka kupita kawaida, lini alizama, na ni nini kilichokuwa kikiendelea: mvua, mavuno, msiba, sikukuu. Baada ya miaka miwili au mitatu familia itaona yenyewe miezi yake ya hatari, na itampelekea mganga wa hospitali habari zenye faida kuliko neno "amerukwa". Mwezi wa hatari ukikaribia, mgonjwa aende kliniki mapema, akiwa bado mzima na anaweza kusema anachotaka afanyiwe.

Pili, mgonjwa asaidiwe kuwa na saa zisizobadilika za kulala, kuamka, kula na kutembea. Wataalamu wameifanya hiyo kuwa sehemu ya tiba pamoja na dawa, si badala ya dawa. Kwetu ratiba hiyo si ngeni: kengele ya Malaika wa Bwana imegonga asubuhi, adhuhuri na jioni tangu enzi za babu zetu, ikiigawa siku kwa utaratibu. Ajuaye kwamba ana ugonjwa huu asichukue zamu ya usiku ya senene wala ya dagaa, na ndugu zake wasimwite mwoga. Katika kiangazi apewe maji ya kutosha na kivuli. Katika masika atolewe nje apate mwanga wa asubuhi kila mawingu yanapofunguka.

Tatu, Jumuiya Ndogo Ndogo ziyachukue majukumu haya kama yanavyochukuliwa ya yatima na wajane. WAWATA na vijana waweza kupanga nani atamsindikiza nani kliniki barabara zinapoharibika. Katika maandalizi ya Noeli, kila jumuiya ijiulize: miongoni mwetu ni nani ambaye sikukuu hii yaweza kumwangusha, na ni nani atakayemchukua nyumbani mapema akalale?

Nne, wenye mamlaka twawaomba mambo mawili. Dawa za akili zifikishwe katika zahanati za vijijini na visiwani kabla ya masika, si baada yake, na mgonjwa wa mbali apewe akiba ya kumvusha miezi ya mvua. Na kila mara panapotokea tetemeko, mafuriko au ugonjwa wa mlipuko, wagonjwa wa akili wawe katika orodha ya kwanza ya wanaotafutwa, kama wanavyotafutwa waja wazito na wazee.

Wapo watakaosema kwamba kutaja majira ni kumpa mgonjwa kisingizio. Sivyo. Mkulima anayejua kwamba masika huja Machi hana kisingizio cha kutolima. Ana wajibu wa kulima mapema. Vivyo hivyo mgonjwa anayeijua miezi yake ana wajibu wa kujilinda, na sisi tunaoijua tuna wajibu wa kumlinda. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa ugonjwa huu, anayeumbuliwa si mfichaji peke yake, bali kijiji kizima kilichoona ishara mwaka baada ya mwaka na kunyamaza.

Tarehe 11 Februari kila mwaka Kanisa huadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani, na mwaka 2006 siku hiyo iliwekwa mahsusi kwa ajili ya wenye maradhi ya akili. Siku hiyo hutujia kabla tu ya masika. Basi katika parokia zetu za Bukoba na Muleba isiishie katika Misa na mpako. Siku hiyo kila jumuiya itaje, kwa heshima na kwa ridhaa yao, wagonjwa wake wa namna hii, ihakikishe kila mmoja ana dawa za miezi mitatu ijayo, na imteue mtu mmoja wa kumtembelea mvua itakapoanza. Mvua itakuja. Isije ikatukuta hatujajiandaa.